“Much”, “many”, “few”, “a few”: kujifunza kwa jedwali au kwa mjadala wa elimu ya kesho?

Mtu anayetaka kuyamudu maneno ya Kiingereza ya idadi na kiasi, yaani “much”, “many”, “few”, “a little”, “some”, “any”, “most”, “every” na mengine ya jamii hiyo, ana njia mbili kuu. Ya kwanza ndiyo iliyozoeleka darasani: jedwali la kanuni, halafu sentensi za kujaza nafasi. Ya pili ni kuchukua mada moja yenye uzito, kuijadili kwa Kiingereza mara kwa mara, na kuyatumia maneno hayo kwa kuwa hoja yenyewe inayadai. Katika ulinganisho huu mada niliyoichagua kwa njia ya pili ni mustakabali wa elimu, na sababu nitazieleza. Msimamo wangu ni huu: kwa wazungumzaji wengi wa Kiswahili, mjadala unastahili sehemu kubwa ya muda wao. Lakini ipo sehemu moja ya sarufi hii ambayo mjadala peke yake hauiwezi, na anayelidharau jedwali atakwama hapo kwa miaka.

Mahali tunapojikwaa

Kabla ya kuchagua njia ni vizuri kujua ugonjwa. Kiswahili kina shina moja la kivumishi, -ingi, na hubadilika kwa ngeli: wanafunzi wengi, vifaa vingi, maarifa mengi, taarifa nyingi, muda mwingi. Kiingereza hakina habari na ngeli. Kinauliza jambo moja tu: nomino hii inahesabika au haihesabiki? Ikihesabika ni “many”, isipohesabika ni “much”. Kazi ya kupatanisha neno na nomino tunaijua tangu utotoni. Kilicho kigeni ni kigezo cha kupatanishia.

Tena kigezo chenyewe hakitabiriki. Maarifa, maendeleo na vifaa vina sura ya wingi katika Kiswahili, ilhali “knowledge”, “progress” na “equipment” hazihesabiki wala hazina wingi katika Kiingereza. Ndiyo maana tunasikia “knowledges”, “equipments”, “informations”, “homeworks” na “advices”. Anayesema hivyo hajakosa akili wala bidii. Amefuata mantiki ya lugha yake, na mantiki hiyo ni nzuri, ila haivuki mpaka.

Upande wa uchache Kiswahili kinatusaidia zaidi ya tunavyodhani. Kwa kawaida -chache huenda na vinavyohesabika na kidogo huenda na visivyohesabika: walimu wachache, msaada kidogo. Kwa hiyo tofauti ya “few” na “little” huingia bila mapambano makubwa. Mapambano yako kwenye ile “a” ndogo. “Few teachers use it” ni kusema walimu wanaoitumia ni haba mno. “A few teachers use it” ni kusema wapo walimu kadhaa wanaoitumia. Idadi inaweza kuwa ileile katika sentensi zote mbili. Kinachobadilika ni macho ya msemaji: katika ya kwanza anatazama wanaokosekana, katika ya pili anatazama waliopo.

Halafu kuna kukanusha. Ukisema “wanafunzi wote hawana kompyuta”, msikilizaji wa Kiswahili huelewa kwamba hata mmoja hana. Ukiihamisha sentensi hiyo kama ilivyo, “All students don’t have computers”, msikilizaji wa Kiingereza anabaki na maana mbili mkononi. Salama yake ni kuamua: “Not all students have computers” ukimaanisha kwamba wengine wanazo, au “No students have computers” ukimaanisha hakuna kabisa. Hili huleta kutoelewana kwa kweli, kuliko hata “much” na “many” zinazopewa kurasa nyingi vitabuni.

Jedwali linatoa nini

Jedwali lina heshima yake. Ndani ya kikao kimoja unaona mfumo mzima: safu ya vinavyohesabika, safu ya visivyohesabika, na katikati maneno yanayokubali pande zote, kama “some”, “any”, “enough”, “plenty of” na “a lot of”. Mazoezi yake yana jibu moja, hivyo unaweza kujisahihisha mwenyewe. Kwa mwenye mtihani karibuni, ambao nao unapima kwa kujaza nafasi, hakuna njia ya haraka kuliko hiyo.

Na ndiyo dawa pekee ya nomino zile zisizotabirika. Hakuna hoja yoyote, hata ingekuwa ya kina namna gani, itakayokuongoza ugundue mwenyewe kwamba “homework” haihesabiki lakini “assignment” inahesabika, au kwamba “job” inahesabika na “work” kwa maana hiyohiyo haihesabiki. Ni mambo ya kuandikwa, kukaririwa na kurudiwa. Orodha fupi ya mada ya elimu ingetosha kuanzia: “information”, “knowledge”, “advice”, “homework”, “research”, “evidence”, “equipment”, “software”, “progress”, “feedback”, “access”, “training”. Zote hazihesabiki, na zote zitakujia mdomoni ndani ya dakika chache za kuzungumzia shule.

Udhaifu wa jedwali ni kwamba linakufanyia nusu ya kazi. Pengo kwenye sentensi limeshakuambia kwamba hapa panahitajika neno la idadi, na nomino umeshachaguliwa. Katika mazungumzo wewe ndiye unayechagua nomino, unayeamua kama kuna haja ya kutaja kiasi, na unayepima kiasi chenyewe, yote kwa pumzi moja.

Udhaifu mkubwa zaidi ni huu: tazama sentensi “There are ___ schools without teachers.” Kisarufi “few” ni sahihi, “a few” ni sahihi, “many”, “some” na “no” ni sahihi pia. Jibu linategemea ukweli wa mambo na nia ya msemaji, na jedwali halina kimojawapo. Watunga mazoezi hulazimika kuongeza kidokezo cha kubandika, kama “unfortunately”, ili jibu liwe moja. Mwanafunzi anajifunza kukisaka kidokezo, na siku ya kuzungumza hakuna wa kumpa kidokezo.

Jedwali pia huficha mazoea. Huonyesha “much” na “many” kama mapacha, ilhali katika mazungumzo ya kawaida “much” hukaa zaidi kwenye kukanusha na kuuliza, au baada ya “too” na “so”: “not much time”, “how much homework”, “too much information”. “We have much time” haivunji kanuni yoyote ya jedwali, lakini ni nadra kuisikia. Wenye lugha husema “a lot of time”.

Kwa nini mustakabali wa elimu

Mada nyingi zingeweza kutumika. Hii inafaa kuliko zilizo nyingi kwa sababu inakusanya mahali pamoja nomino za pande zote mbili: wanafunzi, walimu, mitihani, vifaa na ajira kwa upande mmoja, muda, teknolojia, maarifa, motisha na msaada kwa upande mwingine. Kila aliyewahi kukaa darasani ana la kusema. Na zaidi ya yote, watu wakiizungumzia kesho hutia chumvi: mashine zitachukua kazi zote za walimu, shule zitatoweka, kila mtoto atakuwa na mwalimu wake mfukoni. Maneno ya idadi ndiyo yanayoshusha madai hayo hadi pale ushahidi unapofika. Mwanafunzi akigundua kwamba “most” na “some” zinaweza kumwokoa katika ubishi, hazisahau.

Mada hii pia ina ahadi na takwimu za kweli za kupimia maneno. Kifungu cha 26 cha Azimio la Kimataifa la Haki za Binadamu la mwaka 1948 kinaanza hivi: “Everyone has the right to education.” Sarufi na maadili vimekutana hapo: “everyone” ni watu wote, lakini kitenzi ni “has”, cha umoja. Kwetu si ajabu, maana nasi husema “kila mtu ana haki”. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ukaahidi kwamba ifikapo 2030 “all girls and boys” watamaliza elimu ya msingi na sekondari. Neno “all” lina ukali wake: mtoto mmoja akibaki nje, sentensi si kweli tena.

Sasa leta takwimu. Mwaka 2023 UNESCO ilieleza kwamba watoto na vijana wapatao milioni 250 walikuwa nje ya shule. Je, utasema “Most children are in school”? Ni kweli. “Not all children are in school”? Ni kweli. “Few children are out of school”? Hapo utasita, na kusita huko ndiyo elimu yenyewe. Milioni 250 ni umati wa kutisha, ingawa ukiwapima dhidi ya watoto wote duniani ni sehemu ndogo. Unagundua kwamba “few” na “many” hazihesabu tu. Zinalinganisha na kiasi ambacho msemaji alikitarajia au anakiona kinavumilika.

Chukua na mtandao. ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, lilikadiria mwaka 2023 kuwa watu bilioni 2.6 hawakuwa wakitumia intaneti, takriban theluthi moja ya dunia. “Most people are online.” “Many people are still offline.” Zote ni kweli kwa wakati mmoja. Anayeanza na ya kwanza ataishia kupendekeza masomo yote yahamie mtandaoni. Anayeanza na ya pili atauliza itakuwaje kwa waliobaki. Wape wanafunzi wawili sentensi hizo mbili, kila mmoja aitetee yake, na mjadala hautahitaji kuchochewa.

Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, zaidi ya wanafunzi bilioni 1.5 waliathirika katika kilele cha kufungwa huko. Hapo ngazi nzima ya maneno inapata kazi: “Nearly all countries closed their schools. Many students studied online. Some studied through radio and television. Some learned very little.” Ona “little” ya mwisho, haina “a”. Ukiiongeza, “a little”, umegeuza msiba kuwa faraja ndogo.

Kisha akili mnemba. Tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa Novemba 2022, sentensi tatu hurudiwa sana. “Every student will have a tutor” ni utabiri kuhusu kundi zima. “Each student will have a different tutor” inawatazama mmojammoja na tofauti zao. “Any student can have a tutor” inamaanisha mwanafunzi yeyote, awaye yote, mlango uko wazi kwake. Jedwali la kawaida husema “any” ni ya maswali na kukanusha, na mwanafunzi aliyelikariri hubaki ameduwaa mbele ya sentensi hii ya tatu isiyouliza wala kukanusha. Kiswahili kina “yeyote” tayari kwa kazi hiyo. Na hoja ya kujadili imo humohumo: “any” inasema mlango uko wazi, ila haisemi nani ana simu janja na umeme wa kuufikia.

Mjadala unashindwa wapi

Ningekuwa nadanganya kama ningesema mjadala unatosha. Kosa lake la kwanza ni kwamba hueleweka hata ukikosea. “Much students don’t have internet” itaeleweka na kujibiwa, hakuna atakayekatiza, na kosa litaota mizizi. Merrill Swain, mtafiti wa ujifunzaji wa lugha, aliliona jambo kama hili nchini Kanada kwa watoto waliosoma masomo yao kwa Kifaransa kwa miaka: walielewa vizuri sana, lakini kuzungumza na kuandika kwao kulibaki na makosa mengi. Mwaka 1985 alitoa hoja kwamba kusikia na kuelewa hakutoshi. Mwanafunzi lazima asukumwe kusema kwa usahihi.

Kosa la pili ni maficho. “A lot of” hukubali vinavyohesabika na visivyohesabika, haikosei kamwe, kwa hiyo mwanafunzi mwerevu hujificha humo. Anaweza kujadili saa nzima bila kusema “much”, “many”, “several” wala “most”, na mwishoni akajihisi amefanya vizuri. Dawa yake ni rahisi: katika awamu moja ya mjadala, “a lot of” inapigwa marufuku. Ukimya utakaofuata utaonyesha palipo na pengo.

Kosa la tatu ni la anayeanza kabisa. Asiyejua bado kuunda wingi wa nomino za Kiingereza hawezi kubeba mustakabali wa elimu. Huyo apewe jedwali dogo na nomino nyepesi, mjadala utamsubiri.

Zikiwekwa bega kwa bega

Kwa kasi ya kuelewa mfumo, jedwali linashinda. Kwa nomino zisizohesabika, linashinda pia, na kwa mbali. Kwa tofauti ya “few” na “a few”, “little” na “a little”, “every” na “any”, na “not all” dhidi ya “no”, mjadala unashinda kwa sababu tofauti hizo ziko kwenye nia, na nia haiwi kwenye pengo. Kwa kukumbuka baada ya miezi, naupa mjadala ushindi pia, maana neno ulilolitumia kumshinda mtu hoja linakaa pazuri zaidi kuliko neno ulilolipigia tiki. Kwa usahihi wa upatanisho, kama “most students” au “most of the students” na kamwe si “most of students”, au “the number of teachers is” dhidi ya “a number of teachers are”, jedwali ndilo mwalimu.

“Fewer” na “less” naipita upesi. Mitihani hutaka “fewer exams” na “less homework”, basi fuata hivyo. Lakini usimcheke anayesema “less exams”: matumizi hayo ni ya kale katika Kiingereza, na upendeleo wa kutumia “fewer” kwa vinavyohesabika ulitajwa na Robert Baker, mwandishi wa kitabu kuhusu matumizi ya Kiingereza, mwaka 1770 kama maoni yake, kisha vizazi vya baadaye vikaufanya sheria.

Nani achague ipi

Mwenye mtihani wa sarufi wiki chache zijazo achague jedwali bila kujilaumu, na mjadala auweke baadaye. Mwenye kufaulu mazoezi yote lakini ulimi hufungwa akiulizwa maoni, aache kununua vitabu vingine vya mazoezi. Anachokosa hakimo humo. Mwalimu mwenye darasa kubwa asiogope mjadala kwa sababu ya idadi: wanafunzi wakiwa wawiliwawili, kila jozi na sentensi yake, kelele itakuwepo lakini kila mdomo utakuwa kazini.

Kwa walio wengi kati ya makundi hayo ningependekeza mpangilio unaoanzia kwenye mazungumzo, unaingia kwenye jedwali, kisha unarudi kwenye mazungumzo yaleyale. Anza na dai lililotiwa chumvi: “All exams will be online.” Mjadili kwa dakika kumi huku mmoja akiandika makosa ya maneno ya idadi tu, yale mengine ayaache. Kisha fungueni jedwali, na msome mistari inayogusa makosa hayo pekee. Baadaye rudini kwenye dai lilelile na mlishushe ngazi moja moja, kila ngazi na sababu yake. “Most exams will be online” inataka uamini kwamba ni zaidi ya nusu. “Many exams” haitaki nusu, inataka tu ziwe nyingi kiasi cha kuhesabiwa jambo. “Some exams” ni ya tahadhari. “A few exams” inasema zipo, ila usitegemee wimbi. Na “Few exams will be on paper” inaturudisha karibu na tulipoanzia, ila kwa kupitia mlango wa nyuma, ikimtazama anayeipenda karatasi na kumwambia kwamba wakati wake unakwisha. Mwanafunzi aliyepanda na kushuka ngazi hiyo kwa sababu zake mwenyewe anajua “few” ni nini.

Asiye na mwenzake anaweza kujirekodi kwa simu akitetea dai moja kwa dakika mbili, kisha ajisikilize na kuandika kila neno la idadi alilolitumia pamoja na nomino iliyolifuata. Orodha hiyo ndiyo ataipeleka kwenye jedwali. Anayetumia programu ya akili mnemba aiombe imwonyeshe tu mahali neno la idadi lilipokosewa, bila kumpa jibu wala kumwandikia upya aya nzima. Ikimwandikia upya atapata Kiingereza kizuri cha kusoma, na kosa lake litapita bila yeye kuliona. Aya irudi mikononi mwake ikiwa na alama tupu pembeni, aisahihishe mwenyewe, aisome kwa sauti, na kwa awamu inayofuata achukue dai jingine: “Every teacher will be replaced”, au “No child will need a classroom”, na aanze kulishusha.